Majina Niliyoyakata kwenye Wimbo wa Bi Siwazuri

"Kata hapo mwanzo," bosi aliniambia. "Dakika zote sita. Watu wanataka wimbo, hawataki orodha ya majina."

Nilikuwa nimeshika wembe, na kanda ilikuwa imetulia kwenye mashine. Ningeweza kumwambia tumsubiri Mzee Joachim arudi kutoka likizo. Ningeweza kusema kichwa kinaniuma. Ningeweza kusema hapana, neno ambalo watoto wa mwaka mmoja wanalimudu. Nilijibu, "Sawa, Mheshimiwa," nikakata.

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za studio, na ninyi vijana mlioniaga kwa keki yenye jina langu lililokosewa herufi mmeniomba niandike mambo ya kazi yetu ambayo hayamo kwenye kompyuta. Nimeanza na hilo la wembe kwa sababu ningeliacha mwisho ningepata kisingizio cha kutolifikia. Sasa nirudi nyuma niende taratibu.

Niliingia kazini nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipatia kazi, maana walihitaji mtu wa kuandika lebo za kanda. Studio yenyewe ilikuwa chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi pale Maili Moja, Kibaha. Kabla yetu kilikuwa stoo ya saruji, kwa hiyo kila mwimbaji aliyeingia alianza kwa kukohoa. Ukutani tulibandika trei za mayai na mablanketi. Mwenye studio tulimwita Mheshimiwa, ingawa hakuwahi kuchaguliwa na mtu yeyote kwa cheo chochote. Alikuwa mtu wa haraka, mchangamfu, na hakuwa mbaya. Naomba mkumbuke hilo mnapoendelea kusoma.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Joachim, Mluguru wa Matombo, mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata mwezi wa pili jua likiwaka. Siku yangu ya kwanza alinipa karatasi na kalamu, akanifungia chumbani, akaniambia niandike kila ninachokisikia. Baada ya dakika kumi nilitoka na karatasi yenye maneno mawili: hakuna kitu.

"Rudi," akasema.

Nikarudi. Mara ya pili niliandika feni, cherehani ya jirani, honi ya lori barabara ya Morogoro, kuku, mtu anayekwangua sufuria, na tumbo langu mwenyewe.

Akasoma yote kwa makini. "Tumbo lako lina sauti nzuri," akasema. "Kesho kula kabla ya kuja. Na kumbuka, mashine haina adabu. Inachukua kila kitu. Mwenye adabu ni wewe."

Kwa miezi mitatu hakuniruhusu kugusa mashine. Tuliiita Bibi Harusi, kwa sababu ilibebwa na watu wawili, ilifunikwa kitambaa, na ole wako uigonge mlangoni. Nilijifunza kukata kanda kwa mabaki yasiyo na kazi. Unaisogeza kanda kwa mkono mbele ya kichwa cha mashine hadi usikie mwanzo wa sauti, unaweka alama kwa penseli nyeupe, unailaza kwenye kijiti chenye mfereji, unakata kwa mshazari, unaunganisha kwa utepe. Ukikata wima, kiungo kinabisha kama mlango. Ninyi mnakata kwa kidole na mkikosea mnarudisha. Sisi tukikosea, tulipiga magoti sakafuni kutafuta.

Mzee Joachim alikuwa na sheria moja kubwa: kipande unachokikata hukitupi. Unakitundika kwenye msumari ukutani, unakiandikia karatasi, na kinakaa mwezi mzima. Na kabla ya kukitundika, unakisikiliza. "Hujui umekata nini mpaka umekisikia peke yake," alisema. Niliiandika sheria hiyo kwa mwandiko wangu mzuri, nikaibandika juu ya misumari. Ilikaa pale miaka mingi. Ilikuwa pale pia siku niliyoivunja.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingine nazikumbuka kwa kicheko. Tulikwenda Zegereni kurekodi kwaya ya wafanyakazi wa kiwanda, na kule kulikuwa na mtambo unaovuma mchana kutwa. Meneja alikataa kuuzima. Nilitaka turudi nyumbani. Mzee Joachim aliegemea ukuta, akafumba macho, halafu akamwendea mwalimu wa kwaya.

"Mwalimu, huo mtambo unaimba noti gani?"

Mwalimu akasikiliza, akapiga mluzi. "Chini kidogo ya pale tunapoanzia sisi."

"Basi shukeni mumfuate. Huyo hawezi kupanda."

Wakashuka. Kanda ile nimeisikiliza tena juzi: kiwanda kinaimba besi, tena hakikosei hata mara moja. Waimbaji wa besi wa kweli walikuwa wanne na wawili kati yao walikosea.

Ngoma ndiyo iliyotufundisha kuhusu muda. Ngoma ya ngozi inapashwa moto kabla ya kupigwa. Wapigaji huwasha makuti, wanaizungusha juu ya moto mpaka ngozi ikaze na sauti ipande. Baada ya hapo una muda mfupi kabla haijalegea. Kwa hiyo usianze kupanga vipaza sauti wakati ngoma iko motoni. Panga kwanza, jaribu kwanza, nenda haja kwanza. Ngoma ikitoka motoni, kazi imeanza, uwe tayari usiwe tayari.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku tulipokwenda kwa Bi Siwazuri.

Tulimsikia kwanza kwa mdomo wa watu. Kulikuwa na harusi Misugusugu, mtaa ninaokaa hadi leo, na wageni kutoka Kisarawe waliimba wimbo uliowafanya watu wacheke hadi bwana harusi akamwagikiwa na soda. Tukauliza, wimbo wa nani? Wakasema wa Bi Siwazuri binti Kondo, wa Maneromango, nendeni mkamsikie mwenyewe. Tukaenda, tukipita Mlandizi na Mzenga, Bibi Harusi akiwa amelazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mkulima wa mihogo na korosho. Mumewe, Mzee Shabani, ndiye mpiga ngoma wake. Alikuwa mtu asiyesema sana. Watu walimtania kwamba alimwoa Bi Siwazuri ili apate nafasi ya karibu na wimbo, naye hakuwahi kukanusha.

Wakati Shabani akikusanya makuti, Bi Siwazuri alitusimulia alivyojifunza. Alifundishwa na shangazi yake, akiwa na miaka tisa hivi. Kwa muda mrefu hakuruhusiwa kuimba hata mstari mmoja. Alifundishwa majina tu. Katika ukoo wao wimbo hauanzi mpaka umesimamishwa, na kuusimamisha ni kuwataja waliokuwa nao: aliyeutunga, aliyeupokea kwake, aliyeupokea kwa huyo, na wote walioubeba kuupeleka mahali ambako haujafika. Kila jina linapotajwa, ngoma inapigwa pigo moja, na wanawake wanaitikia, "Yupo." Hata kama amekufa kabla ya babu zao kuzaliwa, yupo.

"Nikikosea jina moja," alisema, "shangazi ananitupia ndoo. Nenda kisimani, urudi, uanze upya. Nilijaza mitungi ya kijiji kizima. Watu walikuwa wananiombea nikosee."

Wimbo wenyewe ulikuwa kichekesho. Mgeni amefika, mwenye nyumba ni bahili, anamwambia kuku hachinjiki kwa sababu anaatamia:

Mgeni wetu karibu, kuku anaatamia,
Mayai chini ya bawa, hawezi kuinuka.
Mara kuku katokea, mlangoni kasimama,
Kamwangalia mgeni, kamwambia shikamoo.

Kisha mwenye nyumba anatafuta uongo mwingine, na mwingine, na kila mara kuku anatokea kumwumbua. Alivyoimba sehemu ya kuku, kwa shingo na mabega, hata Mzee Joachim alilazimika kuvua kofia ajipepee.

Basi, ngoma imetoka motoni, mashine inazunguka, Bi Siwazuri amevuta pumzi, na upande wa pili wa ua mtu anaanza kutwanga. Du, du, du. Mzee Joachim akanionyesha kwa kidole: nenda. Nikatoka mbio. Ng'ambo ya ua nilimkuta mama mmoja na kinu chake cha mihogo mikavu.

"Shikamoo, mama. Samahani, tunarekodi. Naomba upumzike kidogo."

"Marahaba. Nikipumzika, watoto wangu watakula ngoma?"

"Ni muda mfupi tu, mama."

"Siwazuri huyu ninayemjua? Akianza kutaja watu wake, jua linazama." Akainua mchi. "Wewe ni nani hata unizimie chakula?"

Tulibishana. Mwishoni tukakubaliana kwamba yeye atulie, na mimi nikimaliza nitwange mihogo yote. Niliporudi ndani, majina yalikuwa yamekwisha, wimbo umeanza, na Mzee Joachim alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Sikuuliza anacheka nini. Nilidhani ni kuku. Mchana ule nilitwanga hadi viganja vikatoka malengelenge, na yule mama alikaa juu ya kigoda akinielekeza.

Wiki mbili baadaye Mzee Joachim alikwenda likizo kwao, na Mheshimiwa akaja na habari kwamba redio inautaka wimbo, lakini uwe wa dakika nne. Mengine nimekwisha kuwaambia. Nilitafuta pigo la ngoma linaloanzisha wimbo, nikaweka alama, nikakata. Sikukisikiliza kipande. Nilijiambia ni majina ya wazee wa watu, ningeyajuaje. Nilikitundika msumarini, hapo niliifuata sheria. Lakini siku chache baadaye tuliishiwa kanda tupu na mteja wa tangazo alikuwa amekaa sebuleni akitazama saa. Mheshimiwa akauliza kama hakuna mabaki. Nikavishusha vipande msumarini, nikaviunga, nikarekodi juu yake. Majina ya watu walioubeba wimbo ule kutoka mkono hadi mkono yalifutwa na tangazo la magodoro.

Halafu kulikuwa na fomu ya redio. Penye neno "mtunzi", Mheshimiwa alisema, "Weka asili, hizo nyimbo hazina mwenyewe." Nilikuwa nimekaa kwa mwenyewe, nimekula wali wake, nimetwanga mihogo ya jirani yake. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: Wimbo wa asili, mtunzi hajulikani.

Sitamsingizia Mheshimiwa. Yeye alisema. Wembe ulikuwa mkononi mwangu, na kalamu pia.

Mzee Joachim aliporudi aliutazama msumari mtupu, akanitazama.

"Ulikisikiliza ulichokata?"

"Hapana, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alivaa kofia yake, akatoka kwenda kunywa chai, na chai hiyo ilichukua hadi siku ya pili. Hakuniambia zaidi, si siku ile wala baadaye.

Wimbo ulipendwa sana. Uliimbwa kwenye harusi, ukapigwa madukani, shule zikaucheza kwenye mashindano. Na Bi Siwazuri aliusikia mara ya kwanza akiwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga pale Maneromango, redio ya mwenye mashine ikiwa wazi. Walionisimulia wanasema alisikiliza hadi mwisho, akisubiri. Mtangazaji akasema huo ni wimbo wa asili, mtunzi hajulikani. Bi Siwazuri akaiuliza redio, mbele ya watu wote, "Hajulikani na nani?"

Alikuja Kibaha na mumewe, amevaa khanga mpya, na kapu la korosho kichwani. Hakuja kwa shari. Alisalimia kila mtu, akauliza hali za watoto wa Mheshimiwa, akakaa, akakataa soda, akakubali maji. Kisha akanigeukia.

"Saidi, baba. Majina yangu yako wapi?"

"Yapo, mama," nikasema. "Tumeyahifadhi."

Huo ulikuwa uongo, na naupa nafasi yake hapa kwa sababu kosa la kwanza nililifanya kwa kuamriwa, hilo la pili nililibuni mwenyewe.

"Vizuri. Naomba niyasikie."

Nilitazama misumari. Naye akaitazama. Mzee Joachim alikuwa amekaa pembeni, anaifuta mashine iliyokwisha kufutwa.

"Nimeyafuta, mama."

Mzee Shabani, aliyekuwa hajasema neno tangu salamu, akasema, "Loo." Basi.

Bi Siwazuri akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi. "Mmemkata kuku miguu, kisha mnamwambia atembee dunia nzima. Akianguka huko, nani atamjua ni wa nani?" Akasimama. "Sikilizeni. Sitaimba tena mbele ya mashine yenu mpaka nipate mtu wa kumkabidhi majina haya kichwani mwake. Nikishampata, nitawaita. Nikifa kabla, mtabaki na kuku wenu."

Mheshimiwa akaahidi kurekebisha ile fomu. Nadhani alikusudia. Bi Siwazuri aliziacha korosho. "Hizi za Joachim," akasema mlangoni. "Wewe Saidi ukibakiziwa, kula."

Miaka iliyofuata niliifanya kazi hii kwa bidii ambayo wengine waliita kipaji. Niliandika kila jina la kila mwimbaji, mpiga ngoma, mpashaji ngoma, hata aliyewasha makuti. Nilisikiliza kila kipande nilichokikata, wakwe zangu wakanisubiri chakula kikapoa. Mheshimiwa alizeeka, mwanawe akachukua studio, Bibi Harusi akapelekwa kona na kufunikwa moja kwa moja. Kompyuta ikaja. Kijana aliyenifundisha alinionyesha kitufe cha kurudisha ulichokata. Nilikibonyeza mara kumi na tano hivi, nakata, narudisha, nakata, narudisha, hadi akaniuliza, "Mzee, umekwama?" Nikamwambia ndiyo.

Mzee Joachim alistaafu akarudi Matombo, na huko akafariki. Kofia yake alizikwa nayo, kwa maagizo yake.

Na mimi niliendelea kwenda Maneromango. Kila msimu wa korosho nilifika siku mbili tatu. Bi Siwazuri alinipokea, akaniambia amenisamehe, akanilisha, akanipa kazi. Niliokota korosho, nikabangua, nikabeba. Kuimba hakuimba nikiwepo. Siku moja nilibeba daftari, nikamwomba aniandikishe majina tu, bila sauti.

"Daftari linaazimwa," akasema. "Linaliwa na mchwa. Linafungiwa maandazi. Okota korosho."

Alicheka sana aliposikia kwamba wimbo umefika mbali na kubadilishwa. Kundi moja huko mjini lilimwondoa kuku likamweka jogoo, kwa sababu jogoo aliwapendeza kwenye mavazi.

"Jogoo!" akasema, akishika kiuno. "Shabani, umesikia? Jogoo anaatamia. Atatotoa nini?"

"Jogoo wengine," Shabani akajibu. Hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu mwaka ule.

Lakini nilimwona pia akihesabu umri wake. Binti zake wawili walijaribu majina wakashindwa. Mmoja alichoka, mwingine aliolewa mbali. Shabani akafariki. Macho ya Bi Siwazuri yakaingia ukungu. Kila msimu nilijiuliza kama ni wa mwisho, na kama majina niliyoyafuta mara moja yatafutika mara ya pili, safari hii bila magodoro.

Mwaka huu, miezi minne kabla sijastaafu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliingia studio. Dada wa miaka thelathini hivi, chaki bado kwenye mkono wa blauzi.

"Shikamoo, babu Saidi. Mimi Mwajuma, mjukuu wa Bi Siwazuri. Bibi anasema ameshapata mtu, uje na mashine."

"Marahaba, mwanangu. Amempata nani?"

"Mimi."

Nikamwuliza ilimchukua muda gani. Akaonyesha mabega yake. "Miaka miwili ya likizo zangu zote. Siku hizi tuna bomba uani, babu. Bibi alilifungia kufuli. Nikikosea jina, kisimani. Majirani walianza kuniletea ndoo zao."

Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Wale wawili mliokuja nami mnajua nilivyowasumbua: vipaza sauti vilisimikwa mapema, mashine mbili kwa pamoja, betri za akiba, na niliwakataza hata kukohoa. Nilitembea ua mzima kusikiliza. Kinu hakikuwepo, lakini niliuliza. Yule mama wa mihogo amefariki, Mungu amrehemu.

Ngoma ilipigwa na mdogo wake Shabani, ambaye sasa naye ni mzee. Bi Siwazuri alikaa kwenye kiti, ana miaka themanini au zaidi, mwenyewe hana uhakika na hajali. Sauti imepungua upana, lakini ilikuwa bado inajua njia. Mwajuma alisimama nyuma yake. Walitaja pamoja, bibi jina moja, mjukuu jina linalofuata, kama watu wawili wanaopokezana ndoo.

Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyasikia majina yale. Nilikuwa nimeyakata, nimeyafuta, nimeyaombea radhi kwa miaka, sikuwahi kuyasikia. Aliyetunga ni mwanamke aitwaye Mwanakombo, aliyekuwa na shemeji bahili. Nilifurahi kujua kwamba bahili alikuwepo kweli. Baada yake wakafuata wengine, pigo kwa pigo, yupo, yupo. Akatajwa shangazi wa ndoo. Akatajwa Shabani, na mdogo wake akapiga pigo hilo kwa nguvu kidogo kuliko mengine. Akatajwa Joachim wa Matombo aliyemtia kuku kwenye kanda. Akatajwa hata mama wa kinu, kwa sababu aliudaka wimbo ng'ambo ya ua akaupeleka kwa dada zake Mzenga. Wa mwisho akawa Mwajuma mwenyewe. Kisha ngoma ikabadilika na kuku akatoka. Bi Siwazuri aliimba akiwa ameketi, na shingo ile ikafanya kazi yake, na mmoja wenu alilazimika kuuma kola ya shati asicheke kwenye kipaza sauti. Nilimwona.

Tulipomaliza tulikula wali kwa maharage ya nazi. Kila mtu alikuwa na furaha, na furaha ilinipa ujasiri wa kijinga.

"Mama," nikasema kwa utani, "umemtaja hata wa kinu. Mimi je?"

Akapapasa akaushika mkono wangu. "Wewe nilikutaja."

"Leo sikusikia."

"Si leo. Siku ile ya kwanza. Wewe ulikuwa wa mwisho. Saidi wa Kibaha, aliyekwenda kupigana na kinu. Ulikuwa nje, unabishana. Joachim alicheka mpaka nikaogopa mashine itazimika."

Nilishusha kijiko.

"Hakuniambia," nikasema.

"Angekuambia nini? Ulishakata."

"Mama, ulisema umenisamehe."

"Nimekusamehe siku nyingi. Ungekuwa hujasamehewa, ungekula wali huu?"

"Basi nirudishe."

Alitikisa kichwa, taratibu, bila ukali. "Hilo si langu, baba. Kwetu aliyeukata wimbo hawekwi ndani yake. Shangazi alimwacha nje mdogo wake wa tumbo moja, na alimpenda. Nikikuweka kwa sababu nakupenda, kesho Mwajuma atamweka rafiki yake, keshokutwa mtu atamtoa adui yake. Halafu yatakuwa majina ya nini?" Akanisukumia bakuli. "Kula, maharage yanapoa."

Nikala. Yalikuwa mazuri, siwezi kusema uongo tena kwenye habari hii.

Kanda ile, ninyi mnaiita faili, iko sehemu tatu: studio, kwa Mwajuma, na nyumbani kwangu. Urefu wake ni dakika kumi na tisa. Redio ikiwaomba dakika nne, wapeni namba ya simu ya Mwajuma wakabishane naye. Penye fomu niliandika mimi mwenyewe, mtunzi: Mwanakombo, na chini yake wote waliofuata, mpaka nafasi ikaisha nikaendelea nyuma ya karatasi. Bi Siwazuri yu mzima. Watoto wa shule ya Mwajuma sasa wanajifunza majina kabla ya wimbo, na wazazi wanalalamika kwamba wanatajiwa watu wasiowajua wakati wa chakula.

Nilifanya kazi hii miaka yote niliyokuwa na nguvu. Nilibeba nyimbo za watu wengi kuzipeleka mbali. Katika ule mmoja nilioupenda kuliko zote, nilipewa mahali nikiwa kijana asiyejua chochote, nikakata mahali hapo kwa wembe bila kusikiliza, kwa sababu niliogopa kumwambia bosi hapana. Wimbo umepona, Bi Siwazuri amepata haki yake, na mimi jina langu halimo, wala halitaingia.